Kihispania Nilichojifunzia Rågsved

Nilijifunza Kihispania nikiwa na miaka kumi na mmoja, kutoka kwa mwanamke aliyelala kitanda cha pili chumbani kwangu kwa miezi kumi na minne bila shule, kanisa wala watu wa ghorofa ya chini kujua kwamba yupo. Aliitwa Delia. Kwenye orodha ya wapangaji wa jengo letu huko Rågsved, kusini mwa Stockholm, nyumba yetu ilikuwa na watu wawili: Mama na mimi.

Mwezi uliopita Mama alihamia nyumba ndogo zaidi, nikaenda kumsaidia kufungasha. Nyuma ya kabati la jikoni, ndani ya kopo la biskuti, nilikuta kanda ya kaseti isiyo na jina. Nilipolifungua lile kopo, kabla ya kuigusa kanda, harufu ya kitunguu kilichochomwa juu ya chuma mpaka kikawa cheusi ilinipanda puani. Sijui harufu inawezaje kukaa ndani ya bati miaka yote hiyo. Labda haikuwepo, labda ni mimi tu. Delia ndiye aliyechoma kitunguu namna ile kabla ya kukitia kwenye supu. Nilikaa chini kwenye sakafu, na Mama akaniuliza kama mgongo unaniuma.

Mama alikutana na Delia kazini, Kista, ambako wote wawili walisafisha ofisi za watu wa kompyuta. Delia alikuwa anatoka Bolivia, pande za milimani, Cochabamba. Alikuwa akifanya kazi kwa kadi ya mtu mwingine. Siku moja wakaguzi waliingia ghorofa ya tatu wakati yeye yuko ya nne, Mama akamtoa kwa ngazi za dharura akiwa bado na glavu za mpira mikononi, akaja naye nyumbani kwa treni. Ilikuwa iwe siku mbili tatu. Jioni ile Mama aliniita, akaniweka mbele yake.

“Huyu ni Mama Mkubwa wako. Msalimie.”

“Hej,” nikasema, kwa Kiswidi.

“Nimesema msalimie.”

“Shikamoo.”

Delia hakujua la kujibu, lakini alielewa kwamba ni neno la heshima, akalikamata. Tangu kesho yake kila asubuhi alimwambia Mama, “Shikamoo, señora,” na Mama, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka isiyopungua kumi na miwili, alikuwa akiruka. “Wewe usiniamkie mimi! Mimi ndiye wa kukuamkia wewe! Mwambie, mwanangu, mwambie ananitia laana!” Nilimweleza kwa mikono. Delia alicheka kwa kuziba mdomo, kisha kesho yake akaamkia tena. Nadhani alijua vizuri sana anachofanya.

Siku mbili tatu zikawa mwezi, na nyumba ikapata sheria. Mtu asivute maji ya choo saa ambazo Mama na mimi hatupo. Mtu atembee na soksi, kwa sababu sakafu za jengo lile zilisema kila hatua kwa mzee aliyekaa chini yetu. Redio iachwe ikiongea mchana kutwa, ili kishindo kikitokea kiwe cha redio. Viatu vya Delia vikae kabatini, si mlangoni. Nguo zake tulizifua pamoja na zetu katika chumba cha kufulia cha jengo, lakini Mama alizigawa zipelekwe mara mbili, maana wanawake wa pale walijua kwa macho familia ya watu wawili inafua kiasi gani. Kengele ikilia, Delia aingie kwenye kabati la nguo la chumba cha Mama, na mimi nihesabu hadi sitini kabla sijachungulia kwenye tundu la mlango.

Hizo zilikuwa sheria zake. Zangu zilikuwa mbili: nisilete rafiki, nisitaje jina. Shuleni wasichana waliacha kuniuliza kwa nini hawaji kwetu. Waliamua wenyewe kwamba mama yangu ni mkali. Nilikubali. Nikirudi saa nane mchana nilifungua mlango kwa ufunguo, nikaufunga nyuma yangu, nikapiga makofi mawili madogo kuonyesha kwamba ni mimi, na tangu hapo hadi kesho yake asubuhi sikutoka tena. Balkoni tulikuwa nayo, ikitazama viwanja vya kuchezea. Pazia lake halikufunguliwa miezi kumi na minne.

Jirani mmoja tu alijua. Upande wa pili wa ngazi alikaa Mzee Hernán, Mchile, dereva wa basi mstaafu, aliyefika Sweden miaka mingi kabla sijazaliwa. Mama alimwita Mzee, naye alipoelezwa maana yake alifurahi, akawa anajitambulisha hivyo hata kwenye simu. Aligundua kwa pua: alinusa kile kitunguu, akamwambia Mama kwa Kiswidi chake cha kukatakata kwamba Mwafrika hachomi kitunguu hivi na Mswidi hathubutu. Mama alitaka kukana. Yeye akaweka kidole mdomoni, akaenda zake, akarudi na mfuko wa viazi.

Ni yeye aliyeleta wazo lile. Alikaa mezani kwetu, mikono juu ya kitambaa cha meza, akalipanga kama mtu anayeeleza njia ya basi. Mji huu, alisema, umejaa Wachile. Wana vibali, wana pasi, wana wajukuu wasioongea vizuri hata Kihispania. Mswidi akisikia Kihispania cha Kichile kwenye treni hageuki. Polisi hageuki. Na Wachile wenyewe, ambao wapo madukani, hospitalini, kwenye kampuni zote za usafi, wakisikia mtu wa milimani wa Bolivia wanageuka, na wakigeuka wanauliza: umekuja lini, unakaa kwa nani? Si kwa ubaya. Lakini swali likishatoka halina pa kurudi.

“Kwa hiyo afanye nini?” Mama akauliza.

“Awe Mchile. Kuanzia mlangoni kwenda nje.”

Nilielewa vibaya. Kwa akili yangu ya utoto nilidhani lahaja yenyewe ndiyo kibali: kwamba polisi anakaa kwenye kituo cha treni akisikiliza wapitaji, na ukiongea sawasawa anakuachia. Wala sikuona ajabu. Kanisani nilimwona Mama akimjua mtu wa Bujumbura, wa Lubumbashi au wa Mombasa kabla hajamaliza salamu, na akishamjua anajua pia amwite nani, amkaribishe chai au amngoje kwanza. Niliona ni jambo la kawaida kwamba serikali nayo inafanya hivyo.

Masomo yakaanza, Jumanne na Alhamisi. Hernán alileta redio ya kaseti na kanda. Alisema sentensi, akanyamaza, Delia akarudia. Kazi kubwa ilikuwa ile sauti ya s. Watu wa kwao Delia huitamka yote, kali, kama mluzi. Wachile huimeza.

“Unapiga miluzi kama birika!” Hernán alikuwa akimpigia kelele za chinichini, maana hata kelele tulizipiga kwa kunong'ona. “Iache hiyo s! S ni ya wageni na ya mahakamani. Sisi tunaivua mlangoni pamoja na viatu.”

“Mimi nilifundishwa nyumbani kuongea na maneno yote,” Delia alijibu. “Kwetu anayekula maneno ni mlevi.”

“Basi jifunze ulevi, bibi!”

Akamfundisha pia kutomwamkia kila mtu kwa adabu nyingi. Delia alikuwa na viwakilishi vya heshima kwa kila kiumbe: kwa Mama, kwa Hernán, kwangu mimi mtoto, nilishamsikia akimheshimu hata njiwa wa dirishani. Na kila kitu kwake kilikuwa kidogo na kipenzi: kijiji, kimaji, kidakika. Hernán alisema katika duka la Stockholm mwanamke anayeongea na muuzaji hivyo anaonekana ametoka mlimani jana. Mchile wa hapa ameshakuwa nusu Mswidi, hana muda wa kumbembeleza mtu. Ongea haraka, kata, mwite kila mtu wewe, maliza na po, kile kineno chao cha mwisho wa sentensi, ondoka.

Delia alijitahidi mpaka ikawa sheria nyingine: hata ndani ya nyumba, hata akiomba chumvi, aongee Kichile ili ulimi usisahau. Lakini kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, Mama akiwa kazini na Hernán kwake, tulikuwa wawili jikoni tukimenya viazi, na hapo alikuwa akishusha pumzi. “Na wewe ninapumzika,” aliniambia, na akarudi kwenye ulimi wake, na s zote, na vitu vyake vidogo vidogo. Aliniita hijitay, binti yangu, kwa kile kimkia cha Kikechua, lugha ya kale ya milimani, ambacho watu wa kwao huweka mwishoni mwa neno wanapolipenda. Alinihadithia soko, mvua ya mawe, dada zake wanne na ugomvi wao. Miezi minne nilisikiliza. Mwezi wa tano nikaanza kumjibu. Sikuona kwamba kuna Kihispania kingine cha mimi kujifunza, kwa sababu kile cha Hernán kilikuwa kazi, na hiki kilikuwa nyumbani.

Mwaka uliofuata niliingia darasa la sita, ambako kila mtoto alichagua lugha mpya. Mama aliitazama fomu.

“Utachukua Kijerumani.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nimesema. Kihispania hukijui. Umesikia? Hukijui.”

Mimi ndiye niliyemsomea Mama barua zote za Kiswidi na kujaza fomu zote. Nilimwonyesha mahali pa kuweka sahihi, akaweka. Niliweka alama kwenye Kihispania. Nilikuwa mtoto ambaye hakuna kitu alichowahi kuongoza darasani, na nilikuwa nimefungiwa mwaka mzima na kitu kimoja ninachokijua vizuri kuliko wote.

Mwalimu aliitwa Gunilla, Mswidi mrefu, mwenye mvi na koti la mvua la rangi ya haradali. Tulimwita Gunilla tu, kama watoto wa Sweden wanavyowaita walimu wao, jambo ambalo Mama hajalizoea hadi leo. Wiki chache alitufundisha salamu na rangi. Nilijikausha. Kisha siku moja aliuliza nani anaweza kueleza alichofanya Jumamosi. Watoto wawili wa Kichile walijibu kwa uvivu, wakila s zao. Nikanyoosha mkono. Nilisimama, nikaeleza jinsi ya kupika supu ya karanga. Nilieleza yote, kuanzia kitunguu kinavyochomwa.

Wale wa Kichile walicheka. “Anaongea kama bibi wa sokoni!” Gunilla hakucheka. Alikuwa ameweka chaki chini.

“Nani alikufundisha?”

Jibu nilikuwa nalo tayari, nililitunga zamani. “Jirani yetu. Ni Mchile.”

“Hapana,” akasema, taratibu, kwa Kihispania, na Kihispania chake kilikuwa na s zote. “Hakuna Mchile aliyekufundisha hivi. Mimi nilikuwa muuguzi Cochabamba nikiwa kijana, miaka mitatu. Wewe una Cochabamba mdomoni.”

Nilikaa. Sikuwa nimetaja jina, nilijiambia, sikuvunja sheria. Lakini nilijua palepale kwamba mtu anaweza kutaja mtu bila kutaja jina lake, na kwamba nilikuwa nimefanya hivyo mbele ya watoto ishirini na wanne.

Siku mbili baadaye nilipewa barua nipeleke nyumbani. Gunilla aliandika kwamba amefurahi, na kwamba angependa sana kukutana na yule aliyenifundisha, kama yupo tayari, hata kwa kahawa tu.

“Inasemaje?” Mama akauliza, bado na koti mwilini.

“Viatu vya mazoezi. Niwe na viatu vya ndani.”

“Si una viatu?”

“Nitawaambia ninavyo.”

Wiki ileile Delia alifanya mtihani wake. Hernán alimpeleka kwa treni hadi Högdalen, kituo kimoja tu, na kumwacha peke yake dukani anunue mkate huku yeye akisimama nje na gazeti. Walirudi wamefura kwa kicheko walichokibana ngazi zote. Muuzaji alikuwa Mchile, na alimuuliza Delia kama ni mtu wa Temuco, mji wa kusini mwa Chile.

“Temuco!” Hernán alijipiga paja. “Hata mimi ningemwamini! Wiki mbili tu, señora, nina rafiki mwenye kampuni, ataanza kazi.”

Mama alilia kidogo, akasema ni kitunguu. Delia alinigeukia akasema kitu, haraka, kimekatwa, na po mwishoni. Kilikuwa sahihi kabisa. Nilihisi kama ameniongelesha mtu niliyekutana naye kwenye basi.

Alhamisi iliyofuata, saa tisa mchana, kengele ya mlango ililia.

Delia aliweka kisu chini bila kukigonga mezani, akaenda kabatini. Nilihesabu hadi sitini. Nilichungulia. Lilikuwa koti la rangi ya haradali.

Hakuna mwalimu Mswidi anayefika mlangoni kwa mtu bila kuarifu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amepiga simu, mara nyingi, mchana, na kwetu mchana simu haikupokelewa. Nilisimama nikiwa nimeshika kitasa. Ningefungua, angeniuliza mbele ya chumba kile na mtu ndani yake. Nisipofungua, angeondoka. Niliona yapo mambo hayo mawili tu.

Hakuondoka. Kile kibati cha tundu la barua kilifunguka, chini ya mkono wangu, na sauti ikaingia ndani ya nyumba, kwa Kihispania.

“Mamitay? Samahani nomás kukusumbua. Hunijui. Mimi niliishi huko kwenu. Sitaki kitu, nilitaka kusikia tu mtu akiongea, pues. Ni miaka mingi.”

Aliyasema kwa upole na kwa aibu, na yote ya kwao yalikuwepo: kile kimkia cha mapenzi kwenye neno mama, zile nomás na pues za kulainisha maneno, zile s, zile heshima. Alingoja. Nilisikia anapumua. Kisha karatasi iliyokunjwa, yenye namba ya simu juu yake, ikadondoka kwenye zulia, kibati kikafungwa, na hatua zikashuka ngazi. Niliichukua na kuisukuma ndani ya kiatu changu, chini ya soli ya ndani, kabla mlango wa kabati haujalia.

Delia alitoka akiwa amejifunika koti la Mama mabegani, sijui kwa nini.

“Nani yule?”

“Sijui. Amekosea mlango.”

“Aliyekosea mlango haiti mamitay.” Alikuwa akiongea Kihispania cha kwao. “Yule ni mtu wa nyumbani. Wamemtafuta mtu wa nyumbani, wakamleta mlangoni aniite. Wamejuaje, hijitay? Miezi yote hii nimekuwa Mchile. Wamejuaje?”

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilijua kila kitu alichokuwa akiuliza. Sentensi ilikuwa fupi: ni mwalimu wangu, amenisikia mimi. Nilizijua lugha tatu za kuisemea. Nilitazama viazi.

“Sijui,” nikasema.

Jioni alimweleza Mama kupitia kwangu, na mimi nikatafsiri kila neno sawasawa, hata lile swali. Mama aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Kesho yake niliporudi saa nane, nilipiga makofi mawili. Redio ilikuwa inaongea. Kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa, shuka limekunjwa pembe nne, viatu havipo kabatini. Mama hakuwa amejua. Hernán hakuwa amejua. Alikuja akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaapa kwa wajukuu wake kwamba hakumchukua wala kumpeleka popote, na alisema neno moja tu zaidi, kwa Kiswidi, kwamba Delia hakumngoja. Lile pazia la balkoni lilikuwa wazi nusu.

Niliiweka kanda kwenye mashine mwezi uliopita, nyumbani kwangu. Hernán anasema, ananyamaza, Delia anarudia. Mwishoni kabisa mwa upande wa pili kuna sauti ya mwanamke anayeomba mkate, haraka, kwa uvivu, bila s hata moja. Nimeisikiliza mara nyingi. Ninaamini ni yeye.

Siku ile aliyoondoka, usiku haujaingia bado, nilitoa soli ya ndani ya kile kiatu. Vilikuwa viatu vya mvua, na asubuhi nilikuwa nimevaa vingine kwenda shule. Karatasi haikuwepo.

Mwezi uliopita, tukiwa tumekaa juu ya maboksi, nilimwambia Mama yote: fomu, barua, koti la haradali. Alinisikiliza akilifunga na kulifungua lile kopo la biskuti. Nilimuuliza kama ni yeye aliyeitoa ile karatasi kwenye kiatu.

“Karatasi gani?” akasema.

Gunilla alitufundisha hadi mwisho wa darasa la sita, kisha akastaafu. Jumatatu baada ya Delia kuondoka niliingia darasani nikiwa nimejiandaa kwa swali lake. Aliita majina, alifika kwenye langu, alinitazama, akaenda kwenye lililofuata. Hakuniuliza tena nani alinifundisha, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote.